Kunyoa na Kuondoa Nywele za Mwili: Namna ya Kulinda Ngozi na Afya ya Nyumba Nzima



Usafi wa mwili ni katika mambo ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hulelewa nayo tangu utotoni. Kunyoa kwapa na sehemu za siri, kupunguza ndevu, kusafisha kisogo kabla ya sikukuu au harusi: haya yote kijana hufunzwa na wakubwa wake, na huyabeba popote aendapo. Kwa Waislamu ni sehemu ya mafunzo ya dini, na wengi wamefundishwa kwamba muda usipite siku 40. Kwa wengine ni desturi ya familia, au ni mapendeleo ya mtu binafsi tu.

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili hapa Uingereza. Hakikusudii kumwambia mtu aanze au aache kunyoa. Kwa upande wa tiba, nywele za mwili si uchafu, na afya haimlazimishi mtu kuziondoa. Anayetaka kuziondoa anaweza kufanya hivyo kwa usalama. Madhara mengi yanayotokea husababishwa na chombo kilichoshirikiwa, dawa iliyoachwa ngozini kupita muda wake, mashine isiyofaa kwa ngozi nyeusi na, zaidi ya yote, krimu inayopakwa baadaye ili kufuta alama zilizobaki. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linaweza kuanzia kwenye kipele kidogo cha kidevuni na kuishia kwenye figo, au kwa mtoto mchanga aliyelala kifuani mwa mama yake. Tafadhali soma hadi mwisho, kisha umpe na mwenzako asome.

Unywele na ngozi

Kila unywele huota kutoka katika kishimo chembamba kiitwacho kinyweleo. Unachokiona juu ya ngozi ni sehemu isiyo na uhai. Sehemu iliyo hai imezama chini. Ngozi yenyewe ni ngao: huzuia vijidudu kuingia na maji ya mwili kupotea. Kila njia ya kuondoa nywele huigusa ngao hiyo kwa namna yake. Wembe huukata unywele juu ya ngozi na hukwangua tabaka la juu kabisa la ngozi pamoja nao. Nta, sukari na uzi huung'oa unywele na kuacha kinyweleo wazi kwa muda. Krimu za kuondolea nywele huuyeyusha unywele kwa kemikali. Leza huunguza shina la unywele kwa mwanga.

Nywele zilizojisokota, kama za Waafrika wengi, zina tabia moja inayofaa kujulikana. Zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake hubaki kali kama mkuki, na zinapoota tena hujipinda na kuingia ndani ya ngozi ileile. Mwili huuona unywele huo kama mwiba, ukapambana nao. Hapo hutokea vipele, maumivu, pengine usaha, na mwishowe alama nyeusi. Hali hii si dalili ya uchafu, wala haiondoki kwa kusugua kwa nguvu zaidi. Kusugua huiongeza.

Kunyoa kwa wembe

Njia ya wembe ni ya bei nafuu na inafaa kwa watu wengi, mradi mambo machache yazingatiwe. Noa baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, wakati nywele zimelainika. Paka povu au jeli ya kunyolea isiyo na manukato makali. Usinyoe ngozi kavu. Fuata mwelekeo wa nywele zinavyolala, wala usiuende kinyume. Usivute ngozi ili wembe ukate chini zaidi, kwa kuwa ndivyo unywele unavyopata nafasi ya kujificha chini ya ngozi. Suuza wembe kila baada ya kupitisha mara moja au mbili, na uubadilishe mara unapoanza kukwaruza. Ukimaliza, jimwagie maji ya baridi, jikaushe kwa kugusagusa, na usipake manukato au dawa ya kwapa kwenye ngozi iliyochubuka hadi itulie. Shabu, ambayo wazee wengi huipenda, husaidia kusimamisha damu ya mkwaruzo mdogo, lakini kipande cha shabu kiwe cha mtu mmoja.

Kila mtu nyumbani awe na wembe wake. Wembe wa mume si wa mke, na wa kaka si wa mdogo wake. Damu kidogo isiyoonekana kwa jicho yaweza kubaki kwenye wembe, na kwa njia hiyo huweza kuambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na VVU. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu kufa: huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Watu wengi waliozaliwa Afrika Mashariki na Kati wanaishi na virusi hivyo bila kujijua, kwa sababu kwa miaka mingi huenda visioneshe dalili yoyote. Si aibu, na si hukumu ya kifo. Kipimo cha damu hupatikana bila malipo kwa daktari wa familia, matibabu yapo, na chanjo ipo. Hapa Uingereza watoto wote waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 hupewa chanjo hiyo pamoja na chanjo zao za kawaida za utotoni.

Wembe uliotumika ufungwe ndani ya chombo kigumu kabla ya kutupwa, usije ukamkata mtoto au mfanyakazi wa taka.

Kwa kinyozi: ndevu, kisogo na kichwa

Mwanamume anayepata vipele vya ndevu mara kwa mara, dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wembe kwa wiki 4 hivi, ili nywele zilizozama zirefuke na kujitoa zenyewe. Baada ya hapo atumie mashine ya umeme inayoacha kiasi cha milimita 1 ya nywele badala ya kukata hadi kwenye ngozi. Unywele ulioonekana umejikunja juu ya ngozi unaweza kunyanyuliwa taratibu kwa ncha ya kibanio safi, lakini usiung'oe, kwani utakaoota mahali pake utarudia yaleyale. Ikiwa kazi au sare humlazimu mtu kunyoa kila siku, daktari anaweza kuandika barua ya kumweleza mwajiri hali yake.

Vipele vya kisogoni ni jambo la kuangaliwa mapema. Vikiachwa, na kisogo kikaendelea kunyolewa kwa wembe kila wiki, huweza kugeuka kuwa makovu magumu yaliyovimba, na nywele zisiote tena hapo. Mtu ambaye yeye au jamaa zake wana tabia ya kupata makovu ya kuvimba, yanayoitwa keloidi, amwambie kinyozi asitumie wembe kabisa.

Mwombe kinyozi afungue wembe mpya mbele yako na asafishe mashine kwa dawa kabla ya kukugusa. Kinyozi mwema hatachukia. Mashine chafu hueneza pia mapunye, yaani fangasi wa kichwa, hasa kwa watoto. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Mtoto huhitaji dawa ya kunywa iliyoandikwa na daktari.

Nta, sukari na uzi

Nta ya moto, sukari iliyochemshwa kwa ndimu ambayo wengine huiita halawa, na uzi wa kung'olea nywele za usoni, vyote hung'oa unywele pamoja na shina lake. Ngozi hukaa laini kwa wiki kadhaa, lakini kinyweleo huachwa wazi. Osha mikono na eneo husika kwanza. Jaribu joto la nta au sukari upande wa ndani wa kifundo cha mkono kabla ya kuipaka. Iliyopashwa kwenye maikrowevu huweza kuwa ya moto mno katikati ilhali juu imepoa. Kijiti kilichogusa ngozi kisirudishwe ndani ya chungu, kwa kuwa hubeba vijidudu vya mteja mmoja hadi kwa mwingine. Kwa siku moja au mbili baadaye epuka bwawa la kuogelea, nguo za kubana na manukato.

Wapo ambao njia hii haiwafai. Anayemeza dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini asitumie nta wakati wa matibabu wala kwa miezi 6 baada ya kuimaliza, kwa kuwa ngozi yake huweza kubanduka pamoja na nta. Vivyo hivyo mtu anayepaka krimu za retinoidi, au ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kwa sababu ya krimu za steroidi. Mwenye kisukari azungumze kwanza na daktari au muuguzi wake, kwa kuwa kidonda kidogo kwake huchelewa kupona.

Krimu za kuondoa nywele

Krimu hizi zina kemikali ya jamii ya thioglikoleti ndani ya mchanganyiko wenye nguvu ya alikali. Kazi yake ni kuvunja keratini, protini inayoujenga unywele. Lakini ngozi nayo imejengwa kwa keratini. Tofauti iliyopo kati ya kuondoa nywele na kuunguza ngozi ni muda tu. Ndiyo maana kila kopo huandikwa dakika zake, na dakika hizo ni za kufuatwa kwa saa, si kwa kukisia. Anayeacha krimu zaidi kwa kudhani kuwa nywele zake ni ngumu, hujitafutia jeraha. Ikiwa nywele hazikutoka kwa muda ulioandikwa, osha, uache ngozi ipumzike kama maelezo yasemavyo, ndipo ujaribu siku nyingine.

Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, paka kidogo mahali padogo, osha, kisha usubiri saa 24. Usiipake juu ya ngozi iliyonyolewa karibuni, yenye kidonda au iliyoungua na jua. Krimu ya miguu si ya uso, na isiyoandikwa kuwa inafaa sehemu za siri isitumike huko. Hata ile inayofaa haipaswi kugusa sehemu za ndani zenye unyevu.

Ikianza kuwasha vikali, iondoe mara moja na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Kwa jeraha la nta ya moto pia, maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi, asali wala unga. Vitu hivyo hufunika joto ndani na kuleta uchafu kwenye jeraha. Ikiwa pametokea malengelenge, au jeraha lipo usoni au sehemu za siri, nenda ukaonwe siku hiyohiyo.

Leza na mashine za mwanga

Leza hufanya kazi kwa kutafuta rangi. Mwanga wake humezwa na melanini, rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, ukageuka kuwa joto na kuharibu shina. Ngozi nyeusi nayo ina melanini nyingi. Mashine isiyochaguliwa vizuri haitofautishi unywele na ngozi, na matokeo yake ni kuungua, malengelenge, na mabaka meusi au meupe yanayoweza kudumu kwa miezi mingi, na mengine yasiondoke.

Haina maana kwamba mtu mweusi hawezi kutumia leza. Ipo aina yenye mawimbi marefu, iitwayo Nd:YAG, ambayo hupenya chini ya tabaka lenye rangi na ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: mashine hii ni ya aina gani, mwenye kuitumia amewahi kuwahudumia watu wenye rangi kama yangu, na je, atanifanyia jaribio mahali padogo na kusubiri kuona matokeo? Asiyejibu swali la kwanza, ondoka. Katika maeneo mengi ya London, saluni ya leza hupaswa kuwa na leseni ya halmashauri, nawe una haki ya kuomba kuiona. Macho yafunikwe kwa miwani maalumu wakati wote.

Mashine za mwanga za kutumia nyumbani huuzwa zikiwa na chati ya rangi za ngozi. Rangi yako ikiwa katika sehemu iliyopigwa marufuku, usiitumie hata kama jirani yako ameipenda.

Alama nyeusi, na hatari ya mkorogo

Sasa tumefika kwenye jambo zito. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, hata kwa kipele kidogo, hutengeneza melanini ya ziada mahali palipoumia. Hiyo ndiyo alama nyeusi ya kwapani, kidevuni au kwenye mapaja. Si ugonjwa. Jeraha likikoma, alama hufifia yenyewe, ingawa huchukua miezi. Kinachoichelewesha ni kuendelea kunyoa juu ya vipele, kubinyabinya, kusugua kwa jiwe au brashi, na kwa sehemu zilizo wazi, jua.

Lakini miezi ni mingi kwa mtu anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi. Hapo rafiki humletea kopo kutoka nyumbani, au dukani chini ya kaunta, au mtandaoni, na kumwambia kwamba hii hutoa madoa kwa wiki mbili. Ndivyo krimu za kujichubua, na michanganyiko inayojulikana kwa jina la mkorogo, zinavyoingia katika nyumba ambazo hazikukusudia kubadili rangi ya mtu, bali kufuta doa tu.

Vitu vitatu hutumika sana katika krimu hizo, na vyote vitatu vimekatazwa hapa Uingereza katika vipodozi vinavyouzwa bila daktari.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi, lakini hupenya hadi kwenye damu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mikono kutetemeka, ganzi ya vidole, usahaulifu, hasira zisizo na sababu, kukosa usingizi, kuvimba miguu na mkojo wenye povu. Zebaki haibaki kwa aliyejipaka tu. Huhamia kwenye taulo, mito na mikono, na hutoa mvuke unaovutwa na wote waliomo chumbani. Mtoto mchanga huipata kwa kubebwa na kunyonya vidole, na aliye tumboni huipata kupitia damu ya mama. Mkataba wa Minamata, ambao nchi nyingi zimeuridhia, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulikataza tangu 2020 utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni. Krimu zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na maelfu ya sehemu. Mwaka 2019, huko Sacramento, California, mwanamke mmoja aliyekuwa akipaka krimu iliyochanganywa zebaki alilazwa hospitalini akafikia hali ya kutoweza kuzungumza wala kujihudumia.

Cha pili ni steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikipakwa kila siku kwa miezi bila usimamizi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka michirizi, huota chunusi na nywele mpya usoni, na vidonda hukawia kupona. Anayenyoa juu ya ngozi kama hiyo huikata kwa urahisi. Zikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari.

Cha tatu ni haidrokwinoni. Mwanzoni madoa hung'aa. Ikiendelea kutumiwa kwa muda mrefu, ngozi hugeuka kuwa na weusi wa kibluu, mgumu kuondoka. Mtu huongeza krimu ili kuufuta weusi ulioletwa na krimu hiyohiyo.

Jinsi ya kukagua kopo

Kipodozi halali kinachouzwa Uingereza lazima kiwe na orodha ya viambato, namba ya toleo, na jina na anwani ya anayewajibika nacho hapa nchini. Kisicho na orodha usikinunue. Katika orodha hiyo tafuta maneno haya kama yanavyoandikwa: «mercury», «mercuric», «mercurous», «calomel», «mercurio» na «Hg» kwa zebaki, «clobetasol propionate» na «betamethasone» kwa steroidi, «hydroquinone» kwa haidrokwinoni. Onyo la kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu ni ishara kubwa ya zebaki, kwa maana zebaki huharibu metali hizo. Krimu inayobadilika kuwa nyeusi au kijivu ikikaa kwenye mwanga nayo ni ya kutiliwa shaka. Kukosekana kwa maneno hayo hakuthibitishi usalama, kwa sababu wauzaji wengine hawaandiki ukweli.

Ikiwa tayari unatumia krimu ya namna hii, usione haya. Wahudumu wa afya hawatakulaumu, na hawamwiti polisi kwa sababu ya krimu uliyojipaka. Krimu yenye zebaki iachwe siku hiyohiyo. Krimu yenye steroidi uliyoitumia kila siku kwa wiki nyingi usiikatishe ghafla kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia, kwa kuwa ngozi na mwili huweza kuathirika kwa kuachishwa kwa ghafla. Usiyejua kilichomo, piga simu 111 siku hiyohiyo, na usimguse mtoto kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni. Beba kopo lenyewe uendapo kwa daktari. Usilimwage kwenye sinki wala kulitupa pamoja na taka za kawaida: lifunge ndani ya mifuko miwili na uulize halmashauri yako mahali pa kupeleka taka zenye sumu.

Mama mjamzito, na kabla ya upasuaji

Kina mama wengi wamezoea kunyoa sehemu za siri kabla ya kwenda kujifungua, wakihofia kuonekana wachafu mbele ya mkunga. Hofu hiyo haina msingi hapa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunyoa kama utaratibu wa kawaida kabla ya kujifungua, kwani hakumkingi mama wala mtoto, na mikwaruzo ya wembe huweza kuleta maambukizi. Mkunga hatakuuliza. Anayetaka kupunguza kwa sababu zake mwenyewe atumie mkasi au mashine, siku kadhaa kabla.

Hali kadhalika kabla ya upasuaji, ukiwamo wa kujifungua: usinyoe nyumbani kwa wembe. Ikibidi nywele ziondolewe, hospitali itafanya hivyo kwa mashine ya umeme siku ya upasuaji, kwa kuwa wembe huongeza uwezekano wa kidonda kupata usaha.

Vijana wanaobalehe

Kule pwani kazi ya kumfunza binti ilikuwa ya somo au kungwi, na mvulana alifunzwa na mjomba au babu. Hapa ugenini wengi hao hawapo karibu, na kijana hufunzwa na simu yake. Mzazi, zungumza naye mapema. Mwambie kwamba nywele ni dalili ya kukua, kwamba si lazima aziondoe ili apendwe, na kwamba akitaka kuziondoa utamnunulia vifaa vyake mwenyewe. Binti anayejificha akitumia krimu ya kuibia, au wembe wa baba yake, yumo hatarini zaidi kuliko aliyeelekezwa.

Nywele zinapokuwa ishara

Wakati mwingine nywele zenyewe ndizo ujumbe. Mwanamke anayeota nywele nene kidevuni, kifuani au tumboni, huku hedhi yake ikipishana au akichelewa kupata mimba, huenda ana hali ya ovari zenye vifuko vingi, inayowapata takriban mwanamke 1 kati ya 10. Hii si laana, wala si upungufu wa uanamke. Ni mvurugiko wa homoni ambao daktari anaweza kuupima na kuutibu, na usipoangaliwa huongeza uwezekano wa kupata kisukari. Nywele zikiongezeka haraka katika miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, mwone daktari bila kuchelewa.

Uvimbe kwapani mara nyingi ni kinyweleo kilichoziba. Hata hivyo, usiopungua baada ya wiki mbili, au majipu yanayorudi kwapani na kinenani na kuacha makovu, yaoneshwe kwa daktari. Usiyapasue mwenyewe.

Wapi pa kupata msaada

Kwa vipele, muwasho au swali juu ya krimu, anza na mfamasia katika duka la dawa lililo karibu. Hulipi kwa ushauri, na huhitaji miadi. Unaweza kuomba chumba cha faragha.

Mwone daktari wa familia, anayejulikana hapa kama GP, ikiwa vipele vina usaha na haviponi, makovu yanavimba, au umekuwa ukitumia krimu ya kujichubua. Kila anayeishi Uingereza anaweza kujiandikisha kwa GP bila malipo, awe na karatasi za uhamiaji au asiwe nazo, na si sharti aoneshe kitambulisho. Unaweza kumwomba mhudumu wa jinsia yako. Unaweza pia kuomba mkalimani wa Kiswahili, nawe hulipi chochote. Tafadhali usimfanye mtoto wako kuwa mkalimani katika mambo haya.

Piga 111, mchana au usiku, ikiwa wekundu unaenea, ngozi ina joto na maumivu yanazidi, au una homa. Piga 999 ikiwa mtu amevimba midomo au ulimi na kupumua kwa shida baada ya kutumia kipodozi, au amechanganyikiwa, anatetemeka sana au hawezi kuamka.

Ukiona duka linauza krimu zilizokatazwa, toa taarifa kwa huduma ya walaji ya Citizens Advice, simu 0808 223 1133. Taarifa yako huwafikia maofisa wa biashara wa halmashauri, na huweza kumwepusha mtoto wa nyumba nyingine na sumu ambayo wazazi wake hawaijui.